Gurudumu la Natalia

Pale Namawala mtu akipata pancha haulizi fundi yuko wapi. Anauliza kama Odilia amefungua. Imekuwa hivyo kwa miaka kumi na tisa sasa. Ufundi aliurithi kwa baba yake, aliyekuwa na watoto wawili tu: Odilia mwenyewe, na mdogo wake Anselim, ambaye tangu utotoni alipenda maji na migono ya kutegea samaki kuliko chuma. Mzee alipofariki, spana zikabaki kwa binti. Waliocheka kumwona mwanamke amepiga magoti mbele ya baiskeli walicheka msimu mmoja tu. Rimu ikikupindia njiani na gunia la mpunga liko nyuma, huchagui mkono wa kuinyoosha.

Mbali na kuziba pancha, alitengeneza kitu ambacho kila mwenye keria alikihitaji: mipira ya kufungia mizigo. Alichana tyubu kuukuu kwa wembe, akachukua spoku iliyokatika, akaipasha moto na kuikunja iwe ndoano, kisha akaifunga kwenye ncha ya mpira kwa waya, mizunguko mitano iliyobana. Ya mafundi wengine ilifyatuka njiani na kumwaga mzigo wa mtu. Ya Odilia haikufyatuka, na kwa hilo alijivunia.

Bondeni kule msimu wa mpunga huwatoa watu majumbani. Tangu ndege waanze kushuka hadi gunia la mwisho lifike barabarani, wengi huhamia mashambani na kuishi kwenye madungu, vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Shamba na shamba hutengana kiasi kwamba ukiita, jirani anasikia sauti lakini hashiki maneno. Mwanamke mjane, au ambaye mumewe yuko kwenye vibarua mbali, hukaa huko peke yake wiki hata mbili, na pengine mtu pekee anayemwona ni yule anayekuja na baiskeli kumbebea magunia.

Katika wabebaji hao hakuna aliyesifiwa kama Lukelo. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye nguvu za kushangaza, aliyefika kijijini miaka sita nyuma akitokea kwenye mashamba ya miwa. Hakunywa pombe. Alisalimu kila aliyemzidi umri hata kwa siku moja. Akibeba gunia lako hupungukiwi hata kibaba, na wanawake waliambiana: ukitaka mzigo ufike salama, mpe Lukelo. Kwa Odilia alipita kila wiki, mara pancha, mara cheni, mara mipira mipya ya keria.

Kifo cha kwanza hakikuitwa mauaji. Aurelia, mjane aliyelima upande wa kwenda Mchombe, alikutwa ndani ya mkondo wa maji nyuma ya dungu lake, na kwa kuwa mwili ulikuwa umekaa siku nne majini, watu walisema ni mamba. Wakamzika. Baiskeli yake haikuonekana, ikasemwa imeibwa na wapita njia.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, wakamkuta Kristina. Huyu hakuwa majini, ila baiskeli yake nayo haikuonekana. Alikuwa amelala juu ya dungu lake, amefunikwa kanga vizuri hadi kidevuni kama mtu aliyelazwa na mamake, na shingoni alikuwa na mpira wa keria.

Polisi waliokuja kutoka Ifakara waliuweka ule mpira kwenye mfuko wa nailoni na kuuonyesha kwa mafundi wote wa njia ile. Walipofika kwa Odilia hakuhitaji kuushika. Alihesabu mizunguko ya waya kwa macho, mitano, akasema ni wa kwake. Waliuliza anawauzia nani. Akasema nusu ya kijiji. Waliuliza kama kuna anayeichukua bila kununua. Na Odilia, ambaye alifundishwa kwamba mkweli haogopi, akasema mdogo wake Anselim huchukua anapotaka, anafungia migono yake.

Maneno hayo aliyasema mbele ya watu kumi na tano. Jioni haijaingia yalikuwa yamefika mtoni. Anselim alikuwa mtu wa peke yake, hakuoa, alilala huko huko kwenye kambi ya wavuvi, na mtu wa namna hiyo hahitaji ushahidi mwingi. Vijana walimkuta anaanika samaki. Walimpiga kwa mipini ya majembe, wakamvunja mkono wa kulia sehemu tatu, na kama si mwenyekiti wa kijiji, Mzee Fridolin, kujitupa juu yake na kupigwa mawili matatu naye pia, wangemchoma moto. Polisi walimchukua akiwa hajitambui. Kesi ya mauaji haina dhamana. Akakaa mahabusu mwaka mzima.

Mwaka huo Odilia alikonda. Aliacha kutengeneza mipira. Alikwenda kumwona mdogo wake mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja Anselim alitoka, akakaa, akachukua chakula, asimwambie neno. Aliyemsindikiza katika safari hizo alikuwa rafiki yake Natalia, mwanamke wa cheko kubwa aliyelima ekari tatu kwenye mbuga, na ambaye peke yake kijijini alisema waziwazi kwamba Anselim hana hatia. Mwezi wa tano, wiki ambayo maji yalijaa barabarani, gurudumu la nyuma la Natalia lilikatika spoku mbili kwa pamoja na Odilia hakuwa nazo. Akachukua spoku nene za pikipiki, akazikata, akachonga upya nyuzi za kukazia nati kwa kisu cha baba yake, ambacho pengo lake huacha alama, akazitia. Natalia alizicheka, akasema baiskeli yake sasa ina mapembe.

Wiki nne baadaye Natalia alikutwa kwenye dungu lake. Kanga hadi kidevuni. Mpira shingoni, na ndoano yake ilikuwa na waya mizunguko mitano. Ulikuwa wa zamani, wa kabla Odilia hajaacha kuitengeneza. Mtu alikuwa ameutunza.

Baiskeli haikuonekana.

Kwenye mazishi Odilia hakuweza kusimama. Aliyemwinua na kumketisha kivulini alikuwa Lukelo. Alikuwa ameshachimba kaburi na wenzake, udongo ungali viganjani, na kesho yake alikwenda na baiskeli yake akabeba magunia yote ya marehemu hadi kwa ndugu zake, safari tisa, bila malipo. Watu walimwombea baraka.

Kwa vile Natalia aliuawa hivyo hivyo wakati Anselim yuko ndani, kesi ilifutwa na mwezi wa saba akarudi. Mkono ulikuwa umeunga vibaya, vidole vitatu havikunjiki. Afande wa upelelezi aliyemleta, mwanamke mtu mzima aliyeitwa Eveline, alimwachia Odilia namba yake ya simu na kumwambia kwamba muuaji ni mtu anayekaribishwa. Hakuna dungu hata moja lililokuwa na dalili ya purukushani. Wote wawili walikuwa wamempikia chai.

Maneno hayo yalimharibia Odilia usingizi kuliko kifo chenyewe. Kila mteja aliyemwamkia, alimtazama mikono.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa nane, saa nne asubuhi. Lukelo alikuja akikokota baiskeli, akasema gurudumu la nyuma linayumba, apate kuwahi mzigo. Akaketi kwenye benchi kama kawaida yake. Odilia aliigeuza baiskeli juu chini, akazungusha gurudumu, akaona linapopinda. Spoku zilikuwa zimeganda tope. Akachukua kitambaa na kuzifuta moja moja ili apate pa kushika kwa spana.

Ya kwanza. Ya pili. Ya tisa ilikuwa nene. Na ya kumi.

Mkono wake ulisimama. Hakuna fundi mwingine kutoka pale hadi Ifakara aliyetia spoku za pikipiki kwenye baiskeli, na hata kama yupo, hawezi kuzichonga nyuzi kwa kisu cha baba yake Odilia chenye pengo. Lakini hapo hapo akamkumbuka Anselim akianika samaki. Rimu za wizi huuzwa kila gulio. Mtu anaweza kununua kitu cha marehemu bila kujua. Alikuwa ameshawahi kusema ukweli mmoja bila kuupima, na mkono wa mdogo wake haukunji vidole mpaka leo.

Akaendelea kufuta. Kisha, bila kuinua uso, akauliza, "Rimu nzuri hii. Uliipata wapi?"

"Gulioni, Kisawasawa," Lukelo akasema. "Mwaka jana, kabla ya Krismasi."

"Mwaka jana?"

"Mwaka jana, dada. Nimebebea msimu mzima huu."

Spoku zile zilitiwa mwezi wa tano mwaka huu. Mwaka jana kabla ya Krismasi zilikuwa bado kwenye pikipiki ya mtu.

Odilia akafungua nati za ekseli, akatoa gurudumu, akafungua habu, kitovu cha gurudumu kinachoshika gololi, na kabla Lukelo hajasema lolote alikuwa ameshamimina gololi zote kwenye kopo la mafuta ya taa. Baiskeli isiyo na gololi haiendi popote. Akamwambia gololi zimelika, nne zimepasuka, ndiyo maana gurudumu linayumba. Anakwenda kwa Sada kuulizia nyingine. Lukelo alisema sawa, ila afanye upesi.

Duka la Sada lilikuwa hatua thelathini. Odilia alizitembea zote akihisi mgongo wake uko wazi kama nyumba isiyo na mlango. Ndani, nyuma ya magunia ya sukari, alimpigia Afande Eveline na kumweleza kwa maneno machache: gurudumu, spoku, tarehe. Afande akauliza kama ana uhakika. Odilia akasema uhakika wa gurudumu anao, wa mtu waje wao wautafute. Kisha akaomba kitu kimoja: waje bila ving'ora, na asiambiwe mtu mwingine. Afande alisema wanatoka mjini sasa hivi, mwendo wa saa moja, pengine zaidi kidogo. Sada alikuwa amesikia yote. Alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Odilia akamwomba kwa jina la Mungu asitoke dukani.

Akarudi na gololi mpya kwenye karatasi.

Saa moja ni ndefu kwa mtu anayejifanya anafanya kazi. Alisafisha habu mara tatu. Alipaka grisi, akaifuta, akapaka tena. Lukelo hakuonyesha wasiwasi. Alianza kuzungumza, na hilo lilikuwa jambo geni, maana kwa miaka sita alikuwa mtu wa salamu na shukrani. Alisimulia kambi ya wakata miwa alikozaliwa, watu wa makabila yote chumba kwa chumba. Mama yake alikuwa akiondoka alfajiri na kumfungia ndani, na siku moja aliondoka asirudi. Alikaa ndani siku mbili hadi jirani aliposikia. Baada ya hapo alilelewa na vyumba, si na watu, ndivyo alivyosema; wiki hapa, mwezi pale. Odilia aliitikia pole, na jambo lililomtisha ni kwamba pole ile ilitoka kweli moyoni.

Kisha Lukelo akaondoka kwenye benchi. Odilia alipoinua macho alimwona amesimama kando ya nguzo. Kwenye msumari ulikuwa umebaki mpira mmoja wa keria, wa zamani, ambao Odilia hakuwa na moyo wa kuutupa. Lukelo aliushusha, akauvuta kati ya ngumi zake mbili, akauachia, akauvuta tena.

"Hii yako haikatiki," akasema. "Kwa nini uliacha kuitengeneza?"

"Uzee. Mikono inachoka."

"Leo inatetemeka."

"Nina homa," Odilia akasema. "Imenianza juzi."

Lukelo hakuurudisha mpira msumarini. Aliuzungusha kiganjani, mzunguko mmoja, wa pili, akapiga hatua moja kuja upande wa kopo la mafuta ya taa, akachungulia ndani. Gololi zilikuwa zinang'aa chini, nzima zote. Mbebaji wa mizigo anaijua gololi iliyopasuka.

Hapo ndipo kivuli kilipoingia kibandani. Alikuwa Anselim. Tangu arudi hakuwa amekanyaga pale hata mara moja. Alikuwa akipita njia na ndoo, akaona uso wa dada yake, na sura ile hakuwa ameiona tangu siku baba yao alipokata roho. Aliweka ndoo chini, akaingia, akaketi kwenye benchi katikati kabisa, kati ya Lukelo na Odilia, akaulaza mkono wake mbovu juu ya goti. Akamwambia Lukelo habari za asubuhi. Lukelo akaitika nzuri. Wakakaa hivyo, watatu, na Odilia akaanza kupanga gololi kwenye habu moja baada ya nyingine, akidondosha na kuokota.

Gari lililosimama upande wa pili wa barabara lilikuwa jeupe, la kawaida. Waliposhuka wawili na Afande Eveline nyuma yao, akiwa na gauni na mkoba kama mama anayekwenda kliniki, Odilia hakuwatambua mara moja. Lukelo aliwatambua. Alimsukuma Anselim, akaruka benchi, akatokea uani na kushika njia ya mashambani.

Hakufika mbali. Mpunga ulikuwa umevunwa, mabua yamebaki makali na tope chini yake lilikuwa halijakauka. Alizama hadi magotini kwenye jaruba la pili. Lakini kelele za mwizi zilikuwa zimeshapigwa, na kijiji kizima kilifika na majembe kabla ya polisi kuvuka mfereji. Walikuwa wale wale vijana wa mwaka jana, waliompiga Anselim. Mmoja alikuwa ameshanyanyua mpini.

Odilia alipita katikati yao, grisi hadi viwikoni, akasimama juu ya Lukelo. Si kwa huruma. Alikuwa amefikiri juu ya Natalia, na Kristina, na baiskeli ya Aurelia iliyosemwa imeibwa na wapita njia, na alijua mtu huyu akifa pale hakuna atakayejua kitu tena.

Aliyesema ni Anselim. Alikuja taratibu, akauinua mkono wake uliopinda juu ili wauone wote.

"Huyu muacheni aulizwe," akasema. "Mimi hamkuniuliza."

Mpini ulishuka. Mzee Fridolin akaja akawasogeza watu nyuma, na polisi wakamtoa Lukelo topeni. Alikuwa ameshika ule mpira bado.

Aliulizwa, na alijibu, kwa adabu ile ile aliyobebea magunia. Aurelia hakuwa ameliwa na mamba. Chumbani mwake, chini ya kitanda, walikuta kengele ya baiskeli ya Aurelia, na pedali za Kristina zimefungwa kwenye kitambaa. Baiskeli zilizobaki alizivunja na kuuza vipande magulioni mbali mbali. Alitaja na mama mmoja aliyewapikia wakata miwa, aliyekutwa mtaroni mwaka ule ule Lukelo alipohamia Namawala, na ambaye kifo chake kilisemwa ni ajali. Wanne. Wapelelezi walimuuliza sababu kwa siku nyingi. Hakuwahi kutoa nyingine ila kwamba walikuwa wanamkaribisha, kisha wanamwambia aende zake, jua linazama.

Kesi ilisikilizwa Ifakara mwaka uliofuata. Odilia alitoa ushahidi siku nzima. Gurudumu liliwekwa juu ya meza mbele yake, akaonyesha spoku ya tisa na ya kumi, akaeleza kisu na pengo lake, na wakili wa utetezi alipomuuliza kama fundi anaweza kukosea kazi ya mikono yake, akajibu kwamba anaweza kusahau sura ya mtu lakini si rimu. Lukelo alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alihukumiwa kunyongwa. Aliposhushwa kizimbani alimpita Odilia karibu, akamwambia shikamoo dada, na kinywa chake Odilia, kwa mazoea ya miaka yote, kikaitika marahaba kabla hajakizuia. Alilia zaidi kwa ajili ya marahaba ile kuliko alivyolia kwenye ushahidi.

Nje ya mahakama Anselim alikuwa amenunua mihogo ya kuchoma, akamkatia kipande. Walikuwa hawajalizungumza hata siku moja. Odilia akamwambia, hapo barabarani watu wanapita, kwamba anaomba msamaha. Kwamba alisema jina lake kwa polisi akidhani anasema ukweli tu.

Anselim akakata kipande kingine cha muhogo.

"Ulikuwa ukweli," akasema. "Lakini ulikuwa wangu. Ungeniuliza kwanza."

Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Mkono ule haushiki tena kamba ya wavu, hivyo mtoni harudi. Analima mpunga kwenye zile ekari tatu za Natalia, ambazo ndugu za marehemu walimkodishia, na mwezi wa nne ndege wakishuka anakaa kwenye dungu na kuzungusha kombeo kwa mkono wa kushoto. Wanawake wa mashamba ya jirani siku hizi hawalali peke yao. Wanahama dungu kwa dungu, wawili wawili, na mtu wa kubeba mizigo anapokelewa chini, haalikwi kupanda. Kila Jumapili baada ya misa Odilia hufunga chakula kwenye keria, akaendesha baiskeli hadi kwake, wakala pamoja. Jumapili nyingine Anselim huongea. Nyingine hunyamaza mwanzo hadi mwisho, na dada yake huosha vyombo na kurudi nyumbani.